Adui Asiye na Mama

Jinsi nilivyofika Sengwa si jambo la kumchosha msomaji. Nilifika, nikakaa miezi mitano, na niliyoyaona nimeyaandika bila kuyapaka rangi. Niliyoyafanya mwenyewe nimeyaandika pia, ingawa hapo kalamu ilikuwa nzito.

Mji mkuu wa Sengwa umejengwa ndani ya kuba jeupe, gumu kama mfupa, lenye malango machache. Kazi ya mji huo ni moja: kupokea habari kutoka pande zote za nchi na kurudisha amri. Habari hupita mkono kwa mkono. Wenyeji ni watu warefu mno, wenye viungo laini, na kila mmoja afikapo mahali pake pa kazi hujikunja: goti moja juu, jingine chini, mgongo umepinda kidogo, viganja wazi. Hakuna anayewafundisha. Msengwa hujikunja hivyo kama kifaranga anavyodonoa. Akikaa hivyo hupokea habari kutoka kushoto, huipitisha kulia, na mji mzima huvuma kama mzinga wa nyuki.

Langoni nilishikiliwa siku mbili. Walinzi wa Sengwa ni hodari, na Kamanda wao, Chondoma, alinihesabu meno mwenyewe. Aliniuliza nimezaliwa na nani, mama yangu kazaliwa na nani, na kama nina nia ya kuzaa nikiwa nchini. Nilimjibu kwamba nina miaka sabini na mmoja. Akaandika, "Nia haijulikani."

Nilipewa chumba kwa Bi. Mwatime, msimamizi wa watu arobaini wa Uwanja wa Kwinde. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, asiyepoteza maneno. Siku iliyofuata alinipeleka kuona kazi yake. Watu wake walikuwa wamekaa kwa duara, wakipitisha habari za mito na mipaka. Katikati ya duara palikuwa na rundo. Nilidhani ni mbao. Niliposogea nikaona ni watu kumi na mmoja, wamelala mmoja juu ya mwingine kama sahani kabatini, mikono imebanwa ubavuni, mgongo umenyooka kama ubao, macho wazi.

"Usisogee zaidi," alisema Bi. Mwatime. "Yule wa tatu kutoka chini ni mume wangu. Anaitwa Shekue."

"Pole sana, mama. Alifariki lini?"

"Nani kakuambia kafariki? Marehemu huoza. Huyu mwaka wa tano hajaoza. Joto limempata, unyevu umempata, mchwa wamemjaribu wakaondoka. Hali, hapumui, hakui. Lakini ukimwegemea, jioni utakuwa umelala juu yake."

Akanisimulia. Miaka sita nyuma, mtu mmoja wa uwanja huo alijikunja vibaya asubuhi moja. Hakuna aliyemsukuma wala kumloga; ilitokea tu, kama kitasa kinavyoweza kukwama. Badala ya kujikunja alijibana, akawa bapa. Jirani yake akamshika bega kumwamsha. Bapa yule hakumng'ata, hakumpulizia pumzi, hakumpa kitu. Lakini kila alipomgusa, jirani naye alinyooka kufuata umbo lile, na kufikia jioni walikuwa wawili. Wawili wana pande mbili za kuegemewa. Ilichukua mwaka mzima kumpata wa tatu. Wa nne na wa tano walikuja kwa mwezi mmoja. Rundo likirefuka sana hukatika kwa uzito wake, na kila kipande kikianguka penye watu huanzisha rundo jipya. Wabapa, ndivyo walivyoitwa, walikuwa tayari katika viwanja vitatu.

"Na Kamanda Chondoma anasemaje?" niliuliza.

"Akipita hapa anawapigia saluti."

Nilidhani anatania. Lakini wiki ile ile nilimwona Kamanda akipita na kikosi chake, wakasimama mbele ya rundo, wakapiga saluti, wakaenda zao. Nilimuuliza sababu.

"Mzee, wale ni raia," alinijibu. "Nimewakagua. Jina la raia, sura ya raia, mama raia. Hata kucha ni za raia. Kazi yangu ni kupiga mgeni. Nikianza kupiga wenye sura yetu, mwisho wake nitajipiga mwenyewe."

Jibu hilo halikuwa la kijinga, na ndiyo sababu lilikuwa hatari. Kengele ya mji ule, ambayo hugongwa hata nzi wa kigeni akipenya, haikugongwa hata mara moja kwa ajili ya Wabapa. Mji haukupata homa. Mji ulikuwa na amani kabisa, na ulikuwa ukipungua.

Bi. Mwatime alikuwa na ombi moja, na alikuwa amelipeleka mara nne mbele ya Baraza la Utambuzi, ambalo ndilo huamua nani adui na nani si adui. Aliomba aruhusiwe kuwaondoa watu wake arobaini Kwinde na kuuacha uwanja wazi. Mara ya tano nilikwenda naye.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mheshimiwa Ndolwa, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Pembeni yake alikaa karani Pazi na daftari kubwa la wakazi.

"Bi. Mwatime," alisema Mwenyekiti, "umerudi."

"Nimerudi, Mheshimiwa. Mwaka jana walikuwa sita. Leo ni kumi na mmoja."

"Karani, mwaka huu wamezaliwa Wabapa wangapi?"

Karani akafunua kurasa. "Hakuna, Mheshimiwa."

"Walioingia kwa lango?"

"Hakuna."

"Basi hawajaongezeka," alisema Mwenyekiti. "Kitu huongezeka kwa kuzaliwa au kwa kuingia. Bibi, umehesabu kwa macho. Sisi tunahesabu kwa daftari. Na waliokufa Kwinde?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wakazi wa Kwinde wametimia wote."

"Wametimia, ndiyo," alisema Bi. Mwatime, "lakini kumi na mmoja hawapokei habari. Mheshimiwa, kile kitu hakina mbegu. Mbegu yake ni sisi tuliokaa sawa. Kinatuhitaji tukae karibu nacho tu. Nikiwaondoa watu wangu, hakitakuwa na wa kumnyoosha. Kitabaki hapo hapo kama jiwe."

Ukumbini pakapita mnong'ono. Kwa sheria ya Sengwa uwanja uliohamwa na watu wake huitwa uwanja mfu, na msimamizi wake huitwa mwuaji. Uwanja uliojaa Wabapa hadi darini ni uwanja kamili.

Wakaitwa wataalamu wawili. Wa kwanza, Mwalimu Sechonge, alieleza kwamba katika uwanja wa kaskazini Wabapa hulalia ubavu wa kushoto, na kila anayenyooshwa nao hulalia kushoto vilevile. Wale wa Kwinde hulala chali, na wafuasi wao hulala chali. Mfano huo wa kurithi umbo, alisema, unaonyesha kwamba kuna mzazi. Kwa hiyo yupo Mama wa Wabapa, na akipatikana atashtakiwa. Tume yake ilikuwa imemtafuta mama huyo miaka minne, na sasa iliomba minne mingine.

Wa pili, Mwalimu Gombeye, alisema ni upuuzi. Kila chenye uhai, hata kidogo kisichoonekana, kimebeba ndani yake maandishi ya namna ya kujitengeneza, ambayo mzazi humkabidhi mtoto. Yeye alimfungua Mbapa mmoja kuanzia kisogo hadi kisigino asikute hata herufi. Kilichopita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni umbo tu, na umbo si mtu. "Kwa hiyo," akamalizia, "hakuna kitu."

"Hakuna hatari?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hakuna kitu, Mheshimiwa. Hatari ya kitu kisichokuwepo siwezi kuizungumzia."

Bi. Mwatime akamtazama. "Mwalimu, mwenzi wako hajalala pale. Angelala yeye, ungekuta hata herufi mbili."

Mwenyekiti akagonga meza, kisha akaniona mimi. Nilikuwa nimeandikwa langoni kama mtu wa hospitali. Ni kweli. Kwa miaka ishirini na tisa nilisimamia mtungi wa mvuke katika hospitali moja ya kwetu, nikichemsha mikasi na visu vya madaktari. Mchana nilichemsha, jioni nilikwenda darasani na watu wazima wenzangu, na nikiwa na miaka arobaini na nne nilipata cheti changu cha elimu ya viumbe, daraja la kwanza. Mwenyekiti aliponiuliza kama kuna kitu kisicho na uhai kinachoweza kuongezeka, nilisimama, nikafunga kifungo cha koti.

Nikawatajia dalili saba za uhai kama nilivyofundishwa: kula, kupumua, kukua, kuzaa, kujongea, kuhisi, na kutoa taka. Mbapa hana hata moja. Kwa hiyo Mbapa hawezi kueneza chochote. Ikiwa kuna kinachoenea, nilisema, basi ni kidudu fulani kilichowashika watu hawa, nacho kina uhai, na chenye uhai hufa kwa moto. "Chemsheni kulabu zenu," nilisema. "Saa nzima, maji yakitokota. Sijawahi kuona kidudu kinachotoka hai."

Nieleze kuhusu kulabu. Wasengwa hurekebishana migongo kila asubuhi kwa kulabu za chuma, na kulabu hizo hizo zilikuwa zimetumika Kwinde na viwanja vile viwili kujaribu kuwakwanyua Wabapa kutoka kwenye marundo. Zilikuwa zimewekwa kando kwa woga wa wasimamizi. Baraza lilipiga makofi. Nilipewa kiti cha mbele na chai ya tangawizi. Ushahidi wangu ukatiwa muhuri, ombi la Bi. Mwatime likakataliwa, na kulabu zote zikachemshwa saa nzima mbele yangu. Nilisimamia mwenyewe. Maji yalitokota vizuri. Kisha zikapigwa chapa ya SAFI na kugawiwa viwanja vyote vya mji, hata vile ambavyo havikuwahi kumwona Mbapa.

Siku ya arobaini tangu kulabu zigawiwe, marundo yalikuwa katika viwanja kumi na tisa. Kila mahali yalianza kwa mtu mmoja, na kila mara mtu huyo alikuwa na alama ya kulabu mgongoni.

Bi. Mwatime alinikuta mezani nikila mkate. Akaketi.

"Mzee Kasembe, ulichemsha kulabu?"

"Nilichemsha."

"Vilivyokuwa hai juu yake vilikufa?"

"Vilikufa vyote."

"Na kisichokuwa hai?"

Niliurudisha mkate sahanini.

"Nauliza tu," alisema. "Mimi sikusoma. Unamuuaje asiyeishi?"

Alisogeza sukari karibu yangu, akaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Kesho yake nilikwenda kwa karani Pazi kufuta ushahidi wangu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia haiwezekani. Ushahidi wa kwanza una muhuri. Ili niufute, inabidi shahidi wa pili athibitishe kwamba shahidi wa kwanza alikuwa mjinga, na sheria ya Sengwa inakataza kumtukana mgeni.

"Lakini mgeni ni mimi," nilisema.

"Ndiyo, mzee. Nasi tunakulinda."

Nikiri jambo moja. Nilipokuwa nikishuka ngazi za ofisi ile nilijisikia nimepata ahueni. Nilikuwa nimejaribu, nimekataliwa, na cheti changu kilikuwa bado kizima.

Nchi ilianza kuyumba. Amri zilipotea njiani. Walinzi wa mpakani walioamriwa kwenda kulia walikwenda kushoto. Wafungaji wa mabwawa walitetemeka mikono wakashindwa kushika komeo. Wilaya moja ya mbali ilicheka siku tatu bila mtu kujua amri hiyo ilitoka wapi. Nilipanda kwenye roshani iliyo chini ya kuba nikautazama mji. Ulikuwa umejaa matundu kama sifongo, na katika kila tundu palikuwa na rundo, kimya. Daftari la karani Pazi liliendelea kusema wakazi wametimia.

Jumatatu moja Bi. Mwatime hakungoja ruhusa. Aliwaambia watu wake arobaini wasimame, wakasimama, akawapeleka upande wa mashariki wa kuba, mahali palipokuwa ghala. Kijana, mzee, mjamzito, wote. Mtu mmoja anayeitwa Dondo alimuuliza, "Mama, na sisi tukiitwa wauaji?"

"Wakuite wakiwa wanakuona umesimama," alimjibu.

Kwinde ikabaki wazi. Nilikwenda kulitazama rundo kila siku, kwa mbali. Siku kumi, ishirini, thelathini. Wabapa walikuwa kumi na mmoja siku ya kwanza, na siku ya thelathini walikuwa kumi na mmoja. Kipande kilikatika kikaanguka sakafuni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukiegemea, kilikaa pale kama kipande cha sabuni kilichokauka. Katika mji mzima, huo ndio uwanja pekee ambao haukupoteza mtu.

Walinzi wakamkamata Bi. Mwatime siku ya thelathini na moja, kwa kosa la kuua uwanja.

Ukumbi ulijaa. Watu wake arobaini walisimama nyuma, karibu na mlango. Mheshimiwa Ndolwa alisoma hukumu kwa sauti yake ya upole. Baraza limeona, alisema, kwamba uwanja wa Kwinde umehamwa, na kwamba mji una matundu. Mtu aliyekiri kutoboa tundu ni mmoja. Kwa hiyo Bi. Mwatime atapelekwa Kwinde leo hii, atakalishwa mahali pake pa kazi, bega kwa bega na rundo, na kesho watu wake watamfuata. Si adhabu, alieleza, maana Baraza lilishaamua kwamba pale hakuna hatari. Ni kumrudisha mtu kazini.

"Una la kusema?"

"Nani atanipeleka?" aliuliza Bi. Mwatime.

"Walinzi. Kamanda, mpelekeni."

Kamanda Chondoma akageuka kwa koplo wake. "Lugome."

"Afande, mimi nina goti."

"Goti lipi?"

Koplo akafikiri. "Yote mawili, Afande."

Watu wakacheka. Kamanda akawatazama walinzi wengine, nao wakatazama buti zao. Mwenyekiti akamwambia aende yeye mwenyewe. Kamanda akasema kwa heshima kwamba sheria inamweka malangoni, na Kwinde haina lango. Akaitwa Mwalimu Gombeye, ambaye alikuwa amethibitisha kwamba pale hakuna kitu. Mwalimu akasema yeye ni mtu wa nadharia. Mwalimu Sechonge akasema angekwenda kwa furaha, ila tume yake iko karibu sana kumpata Mama.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Mwatime, "ni hatua mia mbili tu. Mtu anishike mkono, anikalishe, arudi. Au niende na wewe?"

"Mwenyekiti haondoki kikao kikiendelea," alisema Mheshimiwa Ndolwa, na uso wake ukang'aa jasho. Kisha akaniona. "Mzee Kasembe. Wewe uliapa hapa. Ushahidi wako una muhuri. Mpeleke wewe."

Watu wote wakageuka. Nilisimama. Sikufunga kifungo cha koti.

"Siendi, Mheshimiwa," nilisema. "Naogopa."

"Unaogopa nini, nawe ulituambia kitu kile hakiishi?"

"Hicho hicho ndicho ninachoogopa. Nilifundishwa dalili saba, nikazikariri vizuri, nikapata daraja la kwanza. Nilidhani kisichozaa hakiongezeki. Kile hakizai. Kinageuza. Niliwachemshia kulabu nikawapelekea ugonjwa katika viwanja kumi na sita ambavyo havikuwa nao. Mama huyu alijua, nami nilimnyamazisha kwa cheti. Karani, kama unataka shahidi wa pili wa kusema shahidi wa kwanza alikuwa mjinga, andika. Ndiye huyu, na hajatukanwa na mtu."

Karani Pazi hakuandika. Alimtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatazama dari. Bi. Mwatime alingoja amesimama, mikono mbele, kama mgeni aliyekaribishwa chakula ambacho bado hakijapakuliwa. Hakuna aliyejitokeza.

"Mheshimiwa," alisema karani hatimaye, "kwenye mstari wa 'Hukumu imetekelezwa na', niandike nani?"

"Acha wazi," alisema Mwenyekiti.

Bi. Mwatime akaweka sawa mtandio wake. "Basi akipatikana wa kunipeleka, mtaniita," alisema, akatoka kwa mlango mkubwa. Watu wake wakamfuata, nami nikafuata nyuma yao, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda kwa heshima.

Njia ya kurudi ghalani hupita pembeni mwa Kwinde. Alisimama hatua thelathini kutoka kwenye rundo, akawaashiria wengine wasimame nyuma yake. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia jambo aliye chumba cha pili.

"Shekue," alisema, "leo nimehukumiwa kuja kwako. Serikali nzima imekosa mtu wa kunisindikiza."

Kisha akageuka, akapita katikati ya watu wake akimgusa kila mmoja bega na kuhesabu kwa sauti. Aliwahesabu mara mbili. Walikuwa arobaini.